Chumvi ina kazi yake kifuani, lakini pumu inataka dawa yake

Mwezi huu nimetumiwa tangazo moja mara nne, na watu wanne wasiojuana. Mmoja yuko Likoni, mwengine Malindi, na wawili wako hapa kisiwani. Tangazo lenyewe linasema kwamba kukaa ndani ya chumba cha chumvi, au kuvuta hewa ya chumvi kwa kifaa kidogo cha mkononi, au hata kuwasha taa ya jiwe la chumvi karibu na kitanda, kunaondoa pumu, mzio, mafua yasiyoisha na kikohozi sugu. Wote wanne waliniuliza swali moja: ni kweli, au ni biashara ya watu?

Jibu langu ni refu kidogo, na ndiyo sababu nimeliandikia makala. Chumvi ina kazi ya kweli kwenye mapafu ya baadhi ya wagonjwa, ikiwa imepimwa na kutolewa kwa njia yake. Kwa pumu haijathibitika kuwa tiba. Na mwenye pumu anayeweka dawa yake kando kwa sababu ya chumvi anajiweka katika hatari ambayo tangazo halikumtajia.

Ilikotoka habari hii

Mambo haya hayakuanzia kwenye simu. Karibu na mji wa Kraków nchini Poland kuna mgodi wa chumvi unaoitwa Wieliczka, ambao ulianza kuchimbwa karne ya 13. Katika karne ya 19 daktari wa pale, Feliks Boczkowski, alianza kuwatibu watu kwa chumvi ya mgodi huo. Mwaka 1839 alifungua mahali pa kuoga maji ya chumvi, na mwaka 1843 akachapisha kitabu kuhusu kazi yake. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1958, daktari mwengine kwa jina Mieczysław Skulimowski alianza kuwateremsha wagonjwa wa pumu na mzio wakae chini ya ardhi, ndani ya mgodi wenyewe. Huduma hiyo ipo Wieliczka hadi leo.

Ujerumani nako kuna kisa chake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu wa mji wa Ennepetal walikuwa wakijificha mabomu ndani ya pango la Klutert. Daktari Karl Hermann Spannagel alitambua kwamba waliokuwa na shida ya kifua walipumua vizuri zaidi wakiwa mle pangoni, na baada ya vita matibabu ya pangoni yakaanza kwa makusudi.

Kutoka hapo utaratibu huu ulienea. Solotvyno, nchini Ukraine, ilijengwa hospitali ya wagonjwa wa mzio iliyotumia mgodi wa chumvi. Khewra, nchini Pakistan, ambako ndiko inakotoka ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa madukani kwa jina la Himalaya, kuna wodi ya pumu ndani ya mgodi. Lakini si kila mtu anaishi karibu na mgodi. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa Muungano wa Kisovieti walibuni chumba cha kuiga mgodi: mashine inasaga chumvi kavu mpaka iwe vumbi laini mno, kisha inalipuliza chumbani, na mgonjwa anakaa kitini kwa dakika 45 au saa nzima akipumua tu. Hicho ndicho chumba cha chumvi kinachotangazwa leo kutoka Ulaya mpaka Ghuba.

Sasa tazama jambo moja ambalo matangazo hayalitaji. Pango la Klutert halina chumvi. Ni pango la chokaa, mwamba wa matumbawe ya kale sana, wa jamii ya mawe tunayoyajua sisi kule Shimoni. Basi kama wagonjwa walipata nafuu kwenye pango lisilo na chumvi, huenda si chumvi iliyowapa nafuu. Ndani ya pango na ndani ya mgodi kuna kitu kimoja kinachofanana: hewa isiyo na moshi, isiyo na vumbi la barabara, isiyo na chavua za maua, na ambayo haibadiliki joto asubuhi na jioni. Mtu wa Ulaya ya viwanda, aliyezoea moshi wa makaa ya mawe nyumbani na kazini, akikaa saa nne mahali kama hapo, kifua lazima kitulie. Tukumbuke hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye majiko yetu.

Kazi ya kweli ya chumvi

Mwenye kutengeneza ng'onda anajua kazi ya chumvi kuliko mimi. Samaki akishapasuliwa na kupakwa chumvi, baada ya muda utaona maji yanamtoka. Chumvi inavuta maji.

Ndani ya mapafu ni vivyo hivyo. Njia za hewa zimepakwa ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo, visivyoonekana kwa macho, vinavyousukuma kuelekea kooni ili tuukohoe au tuumeze. Ute ukiwa mzito kama ubani uliogandana, vinyweleo vinashindwa kuusukuma. Makohozi yanakwama, vijidudu vinafanya makao, na mtu anaugua kifua tena na tena. Ukimpa mgonjwa huyo mvuke wa maji makali ya chumvi, chumvi inatua juu ya ute, inavuta maji kutoka kwenye kuta za njia za hewa, makohozi yanalainika na kukoholeka.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Australia, na ulianzia baharini. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa sistiki faibrosisi, ambao hufanya ute wa mapafu uwe mzito kupita kiasi. Madaktari waliona kwamba wagonjwa wao waliokuwa na mazoea ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao walikuwa na mapafu yenye hali nzuri kuliko wenzao. Hawakukimbilia kufungua biashara. Walifanya jaribio. Wagonjwa 164 waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja likavuta mvuke wa maji yenye chumvi asilimia 7, jengine likavuta mvuke wa maji ya chumvi asilimia 0.9, mara mbili kila siku kwa wiki 48. Ili mtu asijue kwa ladha yuko kundi gani, kwenye maji yote mawili walitia kwinini kidogo, ile ile chungu tuliyoijua kwenye malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Nguvu ya mapafu iliongezeka kidogo tu, lakini vipindi vya kuzidiwa na ugonjwa vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopata chumvi kali.

Tangu hapo maji makali ya chumvi ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa huo duniani. Hutumika pia kwa baadhi ya wagonjwa ambao njia zao za hewa zimetanuka na kushika makohozi daima. Na hospitalini hutumika kwa kazi nyengine ambayo wengi hawaijui: mtoto au mtu mzima anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu akishindwa kutoa makohozi ya kupimwa, huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ili akohoe yatoke.

Angalia vipimo, maana humo ndimo kuna elimu yenyewe. Dripu ya chumvi ya hospitali ina asilimia 0.9. Bahari ina asilimia 3.5 hivi. Dawa ya wale wagonjwa wa Australia ni asilimia 7, yaani mara mbili ya bahari, nayo inatolewa kwa mashine maalumu inayoitwa nebulaiza, kutoka kwenye chupa iliyofungwa isiyo na vijidudu. Na kabla ya kuivuta, mgonjwa anapewa kwanza dawa ya kutanua njia za hewa. Kwa nini? Kwa sababu chumvi kali inaweza kuzibana.

Pumu ni habari nyengine

Hapa ndipo matangazo yanapochanganya mambo. Katika pumu, shida kubwa ya kwanza si makohozi. Ni uvimbe ndani ya kuta za njia za hewa. Njia hizo zimewaka, zimevimba, na zimekuwa nyepesi kukasirika. Zikiguswa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake inajikunja na njia inakuwa nyembamba kama mrija wa soda uliobanwa. Ndipo kifua kinapiga mluzi na mtu anavuta pumzi bila kushiba.

Chumvi haiondoi uvimbe huo. Tena madaktari wanayo njia moja ya kupima kama mtu ana pumu: wanamvutisha mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 4.5, kidogo kidogo, chini ya uangalizi, na wanapima kama njia zake za hewa zinabana. Hebu fikiria. Kitu ambacho maabara hukitumia kuichokoza pumu ionekane, mtaani kinauzwa kuwa ni cha kuiondoa.

Je, hakuna waliochunguza? Wapo. Mwaka 2001 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba bila kuuza dawa, walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata kuhusu mapango na migodi kwa wagonjwa wa pumu. Yaliyofaa yalikuwa 3 tu, yenye jumla ya watoto 124, na katika hayo ni 1 lililofanywa kwa ubora wa kuridhisha. Walisema ushahidi huo hautoshi kuthibitisha kwamba tiba hiyo inafaa. Hawakusema ni uongo, walisema haijathibitika. Lakini mwenye kuuza kitu kwa jina la tiba ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi, si mgonjwa.

Mtu ataniambia: "Mbona mimi nilikwenda nikatoka najisikia vizuri?" Simkatalii. Amekaa saa nzima kwenye kiti cha raha, chumba kimetulia, hakuna moshi, hakuna simu, anapumua taratibu. Hilo lenyewe lina faida. Na pumu ina tabia ya kupanda na kushuka. Mtu huenda kutafuta tiba siku alizozidiwa, na mara nyingi siku zinazofuata huwa afadhali hata asipofanya kitu. Kujisikia vizuri ni neema, lakini hakuonyeshi kwamba uvimbe umeondoka.

Kuhusu taa ya jiwe la chumvi na vyumba vilivyopambwa kwa matofali ya chumvi ya waridi bila mashine, suala ni jepesi zaidi. Jiwe lililokaa ukutani halitoi vumbi la chumvi la kufika mapafuni. Ili chembe ifike ndani kabisa ya mapafu, inapaswa kuwa ndogo kuliko maikroni 5, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Bila mashine ya kusaga, unalipia rangi na mwangaza wa kupendeza.

Sufuria, chumvi na shuka

Kabla ya vyumba hivi kufika, majumbani mwetu tulikuwa na njia yetu: sufuria ya maji moto, chumvi ya ukaya, pengine majani ya mwarobaini, na mtoto anafunikwa shuka avute mvuke. Wengi wanaamini kwamba mvuke ule unabeba chumvi mpaka kifuani.

Nenda Gongoni, Marereni au Kurawa ukaulize wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi, jua likayachukua, na chumvi ikabaki chini ikisubiri kukusanywa. Mvuke unapaa, chumvi inabaki. Kama mvuke ungeondoka na chumvi, Magarini kusingekuwa na mfuko hata mmoja wa kuuza. Sufuria ni kidimbwi kidogo: mvuke unaopanda ni wa maji matupu, na chumvi yako yote iko chini ya sufuria.

Na ile chumvi inayokula mabati na madirisha ya nyumba za ufuoni inatoka wapi? Inatoka kwenye mawimbi. Wimbi likivunjika linarusha matone madogo hewani, na upepo wa kusi unayabeba mpaka barazani. Hiyo ni hewa ya chumvi ya bure, na sisi tumezaliwa ndani yake. Nayo haikuzuia pumu kuwa ugonjwa unaojulikana katika kila mtaa wa Pwani, kutoka Vanga hadi Lamu.

Mvuke wa maji matupu unaweza kulegeza pua iliyoziba, sikatai. Hatari yake ni maji yenyewe. Mtoto aliyefunikwa shuka juu ya sufuria inayochemka akishtuka mara moja tu, anaungua uso na kifua. Kwa pua ya mtoto mchanga iliyoziba, yapo matone ya maji ya chumvi ya pua yanayouzwa maduka ya dawa. Hayo ndiyo matumizi mepesi na salama ya chumvi nyumbani.

Na tafadhali, mwenye nebulaiza nyumbani asitie ndani yake chumvi ya jikoni aliyoikoroga mwenyewe. Chumvi ya kula hapa Kenya huongezwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria, pengine na vitu vya kuizuia isigandane, na maji ya bomba yana vijidudu. Tumbo linavimudu hivyo vyote. Mapafu hayakuumbwa kuvipokea.

Dawa inayosahauliwa

Mtaani kwetu kuna mama aliyenunua taa ya chumvi kwa ajili ya mwanawe wa miaka tisa. Kwa wiki kadhaa mtoto alikuwa mzima, na yule mama, kwa furaha ya haki kabisa, akaacha kumpa ile pampu ya kila siku. Halafu likaja juma la mafua shuleni. Usiku mmoja mtoto hakuweza kumaliza hata neno, na walimkimbiza hospitali kwa tuktuk huku baba akimshikilia akae wima. Alhamdulillahi alipona. Lakini ile taa ilikuwa inawaka usiku huo huo alipozidiwa.

Pumu ina dawa za aina mbili, na wengi tunaijua moja tu. Ya kwanza ni ya kuokoa: salbutamol, ambayo mara nyingi pampu yake ni ya buluu. Inalegeza misuli iliyojikunja ndani ya dakika chache, lakini haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kuzuia: dawa kama beklometasoni au budesonidi, ambayo mara nyingi pampu yake ni ya kahawia au rangi nyengine. Soma jina, usitegemee rangi. Hii haileti nafuu papo hapo, na ndiyo maana watu huidharau. Inatuliza uvimbe polepole, siku baada ya siku, na ndiyo inayomzuilia mtu asifike hospitali usiku wa manane. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, linaloitwa GINA, liliacha kupendekeza mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa ya buluu peke yake.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa ajili yake. Vifo vingi viko katika nchi za kipato cha chini na cha kadiri, kama yetu, ambako dawa hizi mbili hazipatikani au hazitumiki ipasavyo. Watu hao hawakufa kwa kukosa chumvi.

Jengine ni namna ya kuvuta. Mtoto akipuliziwa pampu moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa inaishia ulimini. Kinahitajika chombo cha katikati kinachoitwa spesa. Ukiambiwa ni ghali, jua kwamba mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini tundu linaloshika mdomo wa pampu bila kuvuja, iliwafaa watoto sawa na spesa ya dukani. Muombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia. Chupa ya maji tunayoitupa barabarani inaweza kumfaa mtoto wa pumu kuliko jiwe la waridi la maelfu ya shilingi.

Kwa ndugu zangu Waislamu, najua swali la Ramadhani. Wanazuoni wamehitilafiana kama pampu inabatilisha saumu, na hilo muulize shekhe wako. Lakini dawa ya kuzuia, kwa wagonjwa wengi, hutumiwa mara mbili kwa siku, na daktari anaweza kukupangia wakati wa daku na baada ya futari. Usiiache mwezi mzima. Na ukibanwa na kifua mchana, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Usingoje adhana ya magharibi huku pumzi inakatika.

Tuijenge ile hewa ya pangoni

Nilisema kwamba huenda kilichowafaa wale wa Klutert ni hewa safi. Hiyo tunaweza kuitafuta bila kununua chochote, au kwa gharama ndogo.

Jiko la makaa au kuni likitoka chumbani likaenda uani, mtoto wa pumu amepata nusu ya lile pango. Sigara isivutwe ndani, hata dirishani. Magodoro yaanikwe juani, na ukuta unaoota ukungu wakati wa masika usafishwe na upate hewa. Mende wapigwe vita, kwa sababu mabaki yao huwachokoza wengi wenye pumu.

Na udi? Najua nagusa penye utamu. Nyumba ya Mswahili bila udi na ubani inaonekana haijakamilika, hasa Alhamisi jioni na siku za harusi. Oman, ambako mapenzi ya ubani ni makubwa kuliko yetu, walichunguza watoto wa shule, na utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kufukiza nyumbani hakukuonekana kuongeza idadi ya watoto wenye pumu, ila kwa wale ambao tayari wanayo, moshi ule ulizidisha kukorota kwa kifua. Hilo ni jambo la kati na kati, na tunaweza kulifuata: kama ndani mna mwenye pumu, chetezo kifukize nguo nje, au mgonjwa awe mbali mpaka moshi utoke.

Ukiamua kwenda kwenye chumvi

Mtu mzima mwenye pesa yake, anayependa utulivu wa chumba cha chumvi, simzuii. Namuomba azingatie machache. Asipunguze dawa yake hata siku moja bila daktari. Awe na pampu ya buluu mkononi, na kifua kikianza kubana atoke mara moja. Asiende akiwa amezidiwa. Na akiambiwa na muuzaji aache dawa za hospitali, asirudi hapo tena.

Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa akiwa anakonda, anatoka jasho usiku au anatema damu, asiende chumba cha chumvi kabisa. Aende akapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Chumba kilichofungwa, watu wamekaa saa nzima wakivuta hewa moja, ndipo mahali pepesi pa kuambukizana.

Dalili za kukimbia hospitali zijulikane na kila mtu nyumbani, hata dada wa kazi: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo inageuka rangi, au pampu ya buluu haimsaidii tena. Mkalisheni wima, mpeni dawa ya buluu kwa spesa kama mlivyofundishwa, huku mkiwa njiani. Msisubiri mvuke, chumvi wala asubuhi.

La mwisho nawaelekezea wakubwa wetu wa kaunti za Pwani. Salbutamol na dawa ya kuzuia pumu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, mara nyingi mzazi hufika zahanati na kuambiwa akanunue nje. Mzazi huyo, akitoka mikono mitupu na mtoto anayekorota, ndiye anayefungua simu na kulikuta tangazo la chumvi. Siwezi kumlaumu. Dawa ikiwa kwenye rafu ya zahanati na muuguzi ana dakika tano za kumuonyesha spesa ya chupa, tangazo lile litakosa mteja.